Ombi la Wino

Swali lenyewe ni hili, na nalisema mapema ili msomaji asije akanilaumu kwamba nimemzungusha: ombi ambalo Mungu hajalijibu ni la nani? Ni la aliyeomba, au la aliyeombwa, au lipo tu hewani likingoja mtu wa kulichukua? Wenye elimu wamelizunguka swali hili miaka na miaka, wakatoka na vitabu vinene. Naelijwa hakuwa na elimu hiyo. Alikuwa mshonaji wa kanzu za kwaya, mama wa mtoto mmoja, mwenye goti bovu la kushoto na ulimi ambao marehemu mama yake alimwonya juu yake mara nyingi. Swali hakulitafuta. Lilimkuta asubuhi moja kando ya kitanda amepiga magoti, daftari limefunguliwa juu ya blanketi, na tangu hapo halikumpa nafasi ya kupumua.

Mji alioishi hauna jina. Zamani ulikuwa nalo, ila mtu mmoja alimwomba Mungu aupe jina zuri zaidi, Mungu akakaa kimya, ombi likafutwa, na jina la zamani likaenda nalo. Tangu hapo wenyeji husema "hapa" na wageni husema "pale", na mambo yanakwenda. Ukungu hushuka kutoka mlimani saa yoyote unapojisikia. Kengele ya kanisa hupiga saa kumi na mbili mara tatu kwa siku, na kila mtu huamka kwa ile anayoipenda. Mwaka wenyewe ni wa ngapi, hakuna ajuaye. Lakini usidhani ni mji wa watu wavivu wa roho. Ni mji wa sala kuliko miji yote niliyowahi kupita, na sala zao zote zimejibiwa. Zote, bila kubaki hata moja. Hapo ndipo ugomvi wangu na mji huu unapoanzia, maana mimi nimeomba mengi maishani na ninajua hali ilivyo.

Utaratibu wao ni rahisi. Kila aliyebatizwa hupewa daftari moja kwa mwaka, jalada la bluu, kurasa mia tatu sitini na tano, ukurasa mmoja kwa siku moja. Katikati ya kila ukurasa kuna mstari. Kushoto ni upande wa mwombaji, kulia ni upande wa Mungu. Asubuhi, kabla hujatia kitu kinywani, unapiga magoti na kuandika ombi lako upande wa kushoto kwa penseli. Likijibiwa, unalipitishia wino juu ya ile penseli, kisha upande wa kulia unaandika jibu lilivyokuja. Wiki ya mwisho ya mwaka madaftari yote hupelekwa kwa wazee wa kanisa, nao hukaa kwenye chumba cha nyuma na vifutio vyao, na kila kilichobaki kwa penseli hufutwa. Wanasema ni kwa heshima. Kumwekea Mungu mezani orodha ya mambo ambayo hajayafanya ni kama kumsomea mgeni makosa yake mlangoni. Jumapili ya Kufunga Daftari watu husimama mmoja mmoja kusoma shuhuda zao, kanisa zima huitikia Amina, daftari jipya hutolewa, la mwaka uliokwisha hukaa nyumbani kwa mwenyewe mwaka mmoja kabla ya kuingia kabatini, na mwaka mpya huanza. Wageni wakifika huoneshwa kabati la madaftari ya zamani, wakasoma, wakalia kwa imani waliyoiona.

Jambo ambalo hakuna aliyelisema ni kwamba kilichofutwa kwenye karatasi hakikubaki kichwani. Hakikutoka siku ileile. Kilinyofoka kidogo kidogo. Kuna bwana mmoja pale aliyeomba mguu wake uliovunjika upone. Haukupona, ombi likafutwa, na leo anachechemea huku akikuambia kwamba watu wote hutembea hivyo, ukimtazama sana anakucheka wewe. Kuna mama aliyeombea shamba lake mvua. Ukimwuliza kuhusu shamba anakujibu kwamba hajawahi kulima, na mbuzi wa jirani wanashinda mle. Wala hawakuwa na huzuni, usije ukawahurumia. Walilala vizuri, walikula vizuri, waliimba vizuri kuliko unavyoimba wewe.

Mtoto wa Naelijwa aliitwa Tumsifu. Alikuwa na miaka kumi na sita, yuko darasa la kipaimara, na siku moja ya mwezi wa nne alinyoosha mkono akauliza maombi yanayofutwa huenda wapi. Mzee Zefania, aliyekuwa akifundisha, alimjibu kwamba hakuna maombi yanayofutwa. Binti akakaa. Jioni alikula, akaosha vyombo. Kesho yake asubuhi akavaa sweta, akasimama mlangoni.

"Mama, naenda kutazama."

"Kutazama nini?"

"Kule mlimani wazee wanakomwaga magunia yao ya takataka za vifutio."

"Utarudi saa ngapi?"

"Nikishaona."

Akapanda. Ukungu ukashuka, na hakurudi siku hiyo wala iliyofuata. Vijana wa kanisa waliingia ukunguni wakiwa wameshikana mikono, wakatoka bila kitu. Naelijwa mwenyewe alipanda mara nne na goti lake lile, na kila mara njia ilimzungusha ikamtoa nyuma ya nyumba yake.

Asubuhi ya siku ya tatu alipiga magoti kuandika. Ncha ya penseli ikakatika kwenye herufi ya kwanza. Akavuta droo kutafuta wembe wa kuchongea, akainua daftari la mwaka uliopita lililokuwa juu yake, nalo likafunguka mkononi kwenye ukurasa mtupu. Alikuwa na taa ya mafuta kando yake, imewekwa chini sakafuni, na mwanga wake uliupiga ukurasa kwa ubavu. Ukurasa haukuwa mtupu. Kifutio huondoa weusi wa penseli, hakiondoi kovu lake. Penseli ya mtu anayeomba kwa uchungu huchimba. Naelijwa akaisogeza karatasi karibu na taa, akaanza kusoma mwandiko wake mwenyewe, maneno ambayo hakukumbuka kuyaandika.

*Bwana, Anaeli anakohoa leo siku ya tisa. Usimchukue.*

*Bwana, Anaeli hakuweza kula. Nisikie.*

*Bwana, Tumsifu anamwulizia baba yake. Nimwambie nini?*

Hakumjua Anaeli. Alilitamka jina hilo kwa sauti mara tatu, na halikugusa kitu. Tangu lini mtoto wake alikuwa na baba? Mji mzima ulijua, naye alijua, kwamba Tumsifu aliletwa na ukungu kama walivyoletwa watoto wengine kadhaa pale, na hakuna aliyeona ajabu. Akageuka akatazama nyuma ya mlango. Pale pamekuwa pakining'inia koti kubwa jeusi, na siku zote amekuwa akilivaa wakati wa baridi na kukunja mikono yake mara mbili, bila kujiuliza kwa nini alijinunulia koti la kumzidi. Akatazama godoro. Lilikuwa na mabonde mawili. Alilia, na kibaya zaidi hakujua anamlilia nani. Alikuwa ameuguza mtu siku nyingi, akamwombea kila asubuhi, akamzika, kisha akampelekea mzee wa kanisa daftari kwa mikono yake miwili akapokea jipya na kusema asante. Hakuna aliyemlazimisha. Jambo hilo lilimchoma kuliko yote.

Alichonga penseli. Akaitazama ncha yake, akaiweka chini. Akaenda jikoni kwenye kikopo cha kalamu, akachukua kalamu ya wino, akarudi kupiga magoti, na upande wa kushoto wa ukurasa wa tarehe kumi na saba mwezi wa nne akaandika: *Bwana, mrudishe Tumsifu.* Katika mji ule hakuna kosa kubwa kama kuandika ombi kwa wino kabla ya jibu. Ni watoto wadogo tu wanaolifanya kwa kutojua, na huchapwa. Upande wa kulia hakuandika kitu. Aliupuliza wino ukakauka.

Miezi iliyofuata aliendelea na ibada yake kila asubuhi kama kawaida, na maombi mengine aliyaandika kwa penseli, kwa sababu hakuona haja ya kuyatunza. Nayaweka hapa machache nilivyoyasoma kwenye makovu ya penseli yake.

*Bwana, leo nimeshona kanzu tatu. Kola ya moja imekaa upande. Sitaifumua.*

*Bwana, nimekukasirikia tangu juzi. Naandika kwa penseli ili ukipenda usione.*

*Bwana, uko?*

*Bwana, mchungaji amehubiri juu ya subira. Na wewe ulisikiliza, au ulikuwa huko mlimani na mwanangu? Kama ulikuwa naye, sina neno.*

*Bwana, uko.*

Sijui kama alama ya kuuliza aliisahau siku ile. Sidhani. Naelijwa hakuwahi kuacha kumwamini Mungu hata kwa saa moja, na nawaomba wanaotaka kumgeuza muasi wa namna hiyo wamwache. Alimwamini kiasi cha kugombana naye. Mtu hagombani na kiti kisicho na mtu. Aliloasi ni jambo jingine, nalo lilikuja wiki ya mwisho ya mwaka, baada ya kupeleka daftari lake pamoja na ya wenzake kwenye chumba cha nyuma.

Siku ya tatu ya wiki hiyo jirani yake, Mama Ndeoya, alikuja kuazima chekecheo. Walikuwa marafiki wa miaka. Alikuwa amemwombea Tumsifu kwenye daftari lake mwenyewe, alishasema hivyo zaidi ya mara moja, na daftari lake lilikuwa limetoka kukaguliwa jana yake.

"Hodi humu, Mama..." Mama Ndeoya akasita mlangoni. Alicheka kidogo. "Mama nani vile? Jamani, uzee huu."

"Mama Tumsifu."

"Ehe, Mama..." Midomo yake ilitengeneza herufi ya kwanza ikakwama. "Basi, dada, niazime chekecheo. Unga wenyewe una vidudu."

"Mama Ndeoya, Tumsifu si ulimbeba wewe siku ya ubatizo? Alikutapikia kwenye kitenge kipya."

"Kitenge nakikumbuka," alisema Mama Ndeoya, na alikuwa akijitahidi kwa moyo wote, mtu ungemwona. "Kilikuwa cha njano. Doa halikutoka. Nani alinitapikia?"

Naelijwa akampa chekecheo. Akafunga mlango. Kwa miaka kumi na sita hakuna aliyemwita jina lake la kuzaliwa isipokuwa kwenye karatasi za kanisa. Yeye alikuwa Mama Tumsifu sokoni, kwenye kwaya, na kisimani. Sasa aliona jinsi itakavyokuwa: daftari lake likishafutwa, yeye ndiye atakayekuwa wa mwisho kusahau, na siku atakaposahau mtoto wake hatakuwa amepotea tena. Atakuwa hajawahi kuwepo. Atakapotoka ukunguni, kama atatoka, atabisha hodi kwenye nyumba ya mwanamke asiyemjua.

Kesho yake mchana Mzee Zefania alikuja. Alikuwa mtu mrefu, safi, mpole wa sauti, na nataka hilo lieleweke kwa sababu ingekuwa rahisi kwangu kumfanya mbaya. Alikuwa na daftari la Naelijwa kwapani, na kifutio kwenye mfuko wa shati.

"Bwana asifiwe."

"Amina. Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, binti yangu. Sikai."

Akakaa. Akafungua ukurasa wa tarehe kumi na saba na kuuweka mezani kati yao.

"Umeandika kwa wino."

"Nimeandika."

"Hukuwa na penseli?"

"Ninayo. Nilikuwa nimeichonga kabisa."

"Wino ni ushuhuda. Ukiandika hivi umesema mtoto amerudi. Amerudi?"

"Hajarudi, mzee."

"Kwa hiyo umemsemea Mungu uongo."

"Sijamsemea neno. Tazama upande wake, ni mweupe. Mimi nimeandika upande wangu tu."

Zefania akatoa kifutio, akajaribu. Wino ulikwaruzika, ukaenea kama moshi kidogo, jina likabaki. Karatasi ilianza kulegea akaacha. Utaratibu wao haumruhusu mtu mwingine kuchana ukurasa uliopigiwa magoti. Mwenyewe tu ndiye awezaye.

"Uchane," alisema. "Ukurasa mmoja tu. Nitasema ulilowana."

"Sichani."

"Huwezi au hutaki?"

"Kuweza naweza, karatasi yenyewe nyepesi. Sitaki."

Mzee akavua miwani akaifuta na pindo la shati. "Baba yangu alinisimulia kabla ya utaratibu huu watu walivyokuwa. Walikaa kwenye ngazi za kanisa wakingoja majibu yao. Hawalimi, hawapiki. Wengine walifia pale, macho yako barabarani. Wewe unadhani tunafuta kwa sababu tunamwonea Mungu aibu. Tunafuta kwa sababu tunawaonea nyinyi huruma. Tunawapumzisha."

"Mzee, daftari langu umelisoma lote?"

"Nimelisoma."

"Kuna mahali niliomba kupumzika?"

Zefania akavaa miwani yake.

"Naomba kuuliza na mimi," alisema Naelijwa. "Anaeli alikuwa nani?"

Mzee alifikiri kwa dhati, paji la uso limekunjamana. "Simfahamu mtu wa jina hilo. Ni wa hapa?"

Alikuwa akisema kweli tupu. Naelijwa aliogopa wakati ule kuliko wakati wowote tangu Tumsifu apotee, kwa sababu mpaka dakika hiyo alikuwa akidhani wazee wanajua. Alidhani mahali fulani, kwenye kichwa cha mtu mmoja mwenye ufunguo, vyote vilivyofutwa vimehifadhiwa. Kumbe waliokuwa wakifuta walikuwa wakijifuta pia, na mji mzima uliongozwa na watu wasiojua wanachokitawala. Mzee akanyanyuka, akachukua daftari. Mlangoni aligeuka.

"Asiyefunga daftari hapewi jingine. Asiyepewa jingine hana mwaka. Unalijua hilo."

"Nalijua."

"Hakuna mtu atakayekuona ukiwa huna mwaka, Naelijwa."

Usiku ule alilala vizuri, nami nashangaa mpaka leo.

Jumapili ya Kufunga Daftari kanisa lilijaa. Mchungaji Obedi, kijana mwembamba ambaye ndiyo kwanza alikuwa na mwaka wa tatu pale, aliita majina, na watu wakasimama. Mmoja alisoma jinsi ng'ombe wake alivyopatikana. Mmoja alishukuru kwa jino. Yule bwana wa mguu aliruka ruka hadi mbele akashukuru kwa afya kamili. Amina, kanisa liliitikia kila mara, Amina, na kila Amina ilifunga kitu. Naelijwa alikaa safu ya nne na koti kubwa jeusi, mikono imekunjwa mara mbili, akiwasikiliza bila dharau. Aliwapenda. Hilo nalo ni sehemu ya mzigo wake.

"Naelijwa," aliita mchungaji. Alifika mbele. Mchungaji alikuwa na daftari lake mkononi tayari limefunguliwa, na uso wake ulikuwa na nafuu ya mtu aliyepata njia. "Wapendwa, dada yetu alikuwa na ombi zito mwaka huu. Na leo tunafurahi pamoja naye, kwa maana Mungu amemjibu."

Akamgeuzia ukurasa. Kushoto palikuwa na mwandiko wake, umekwaruzwa kidogo. Kulia, upande uliokuwa mweupe kwa miezi minane, palikuwa na neno moja kwa wino mpya, kubwa na la kupendeza: HAPANA.

"Ni jibu kamili," alisema mchungaji kwa upole. "Hapana nalo ni jibu. Sema Amina, dada, tufunge."

Naelijwa alilisoma neno lile. Alilisoma tena. Nitakuwa mwongo nikisema hakutikisika. Kwa pumzi moja au mbili alifikiri huenda ni kweli. Kisha akaliangalia kama mshonaji anavyoangalia mshono.

"Huu si mwandiko wake," alisema.

Minong'ono ikapita. Kutoka benchi la wazee Zefania akasimama. "Unaujua mwandiko wa Mungu, wewe?"

"Siujui, mzee. Ndiyo maana nausubiri. Lakini wako naujua. Kila Jumapili nausoma pale ubaoni unapotuandikia nyimbo, na N yako huwa inainama hivi hivi kama imechoka."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Wote waligeuka kutazama ubao, na ubao ulikuwa pale, NYIMBO, na N yake. Zefania alibaki amesimama. Hakukana. Mikono yake ilitafuta mahali pa kukaa ikapakosa.

Mchungaji Obedi alishuka ngazi moja, akasema kwa sauti ya chini, na hapa alisema neno la haki ambalo sitamnyima: "Dada, tuseme ni kweli mzee ameandika. Na kama Mungu kweli amekataa? Utamsubiri mpaka lini?"

"Anaweza kukataa," alisema Naelijwa. "Ni Mungu, nani atamkataza. Ila aniambie mwenyewe. Kila asubuhi nipo kando ya kitanda changu, hajawahi kunikosa hata siku moja, homa au baridi. Nyumba anaijua. Kwa nini apitie kwa Mzee Zefania?"

"Sema Amina tu. Neno moja."

"Unajua maana yake, mchungaji. Unataka niseme na iwe hivyo." Akamwacha mchungaji, akainua uso kuelekea juu, kule anakoelekea mtu anapozungumza na mkubwa wake, na sauti yake haikuwa kubwa lakini kanisa lote lilisikia. "Isiwe hivyo, Bwana. Umenisikia. Isiwe hivyo."

Hakuna aliyeitikia. Walikuwa hawajawahi kufundishwa kiitikio cha maneno hayo. Mtoto fulani akaanza kulia na mama yake akamtoa nje. Mama Ndeoya, safu ya sita, alikuwa ameshika mdomo, akitazama kanga yake kana kwamba anatafuta doa.

Madaftari mapya yaligawiwa kwa mpangilio wa safu. Daftari la bluu liliruka mikono ya Naelijwa likaenda kwa aliyemfuata. Alilichukua la zamani kwenye meza ya mbele, lilipoachwa, akaliweka kwapani chini ya koti, akatoka kwa mlango mkubwa. Alipofika nje kengele ilipiga saa kumi na mbili.

Asubuhi aliwasikia watu njiani wakipeana heri ya mwaka mpya. Mama Ndeoya alipita mbele ya dirisha na chekecheo mkononi. Alisimama, akaitazama nyumba jinsi watu wanavyotazama nyumba iliyohamwa, akaliweka chekecheo kizingitini taratibu, akaenda zake. Naelijwa alimwita. Aliita mara mbili, kwa sauti ya kutosha, na jirani yake hakugeuka. Basi ikawa kweli. Wao walikuwa wamevuka, yeye amebaki ng'ambo hii, kwenye mabaki ya mwaka ambayo hakuna mtu aliyekuwa na haja nayo. Aliogopa. Alikaa kwenye ukingo wa godoro, kwenye lile bonde jingine, akajiuliza kama si kiburi tu kimemfikisha pale, na kama mtu asiye na wa kumwita jina bado ni mtu. Alingoja jibu la swali hilo. Halikuja, na alikuwa ameshazoea.

Kurasa zote mia tatu sitini na tano zilikuwa za mwaka uliokwisha, hata zile za wiki ya ukaguzi zilizobaki tupu. Akapiga magoti, goti bovu likalalamika, akafungua jalada la nyuma upande wa ndani, mahali pasipo na mstari. Akaupiga mstari mwenyewe katikati kwa rula ya kushonea. Kisha akashika kalamu ya wino.

*Tarehe thelathini na mbili, mwezi wa kumi na mbili.*

*Bwana, ni mimi, Mama Tumsifu. Leo sijaja kukushukuru, hilo utaniwia radhi. Wamekuandikia jibu kwenye ukurasa wako na nimelikata kwa mstari mmoja. Kama ni la kwako kweli, liandike upya kwa mkono wako, nitalisoma hata likiniua. Kama si lako, basi mrudishe mwanangu. Ombi ni lilelile, sijaongeza wala sijapunguza. Kuna baridi huku na simwoni mtu. Kesho ni tarehe thelathini na tatu. Nitakuwepo.*